Fundi Aliyeng'oa Themostati za Mji Mzima

Ukifika gerejini kwa fundi wetu, mtaani Sakina, na gari linafuka mvuke puani, kosa la kwanza lilikuwa kushuka mbio na kufungua boneti. Alikuzuia kwa sauti ile ile ya besi aliyoimbia kwaya ya kanisani. "Acha! Acha apumue kwanza!" Basi unaacha. Unaonyeshwa pa kukaa, kiti cha nyuma cha basi dogo lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani na kufunikwa shuka la Kimasai, na hapo unaanza kusimulia safari yako.

Simtanii. Fundi yule hakushika spana mpaka umemweleza umetoka wapi, umepita wapi, ulibeba nini, mlima uliupanda kwa gia ya ngapi, na mshale wa joto ulianza kupanda kabla ya kona au baada yake. Ukiruka kitu anakurudisha. "Umesema umetoka Kijenge moja kwa moja. Na mahindi ya kuchoma ulinunua wapi?" Unabaki umeduwaa, amejuaje mahindi? Kumbe gunzi liko juu ya dashibodi. Wewe unahadithia, injini inapoa, na hiyo ndiyo ilikuwa hila yake yote. Mkono wake wa kulia ulikuwa na baka kubwa la kuungua. Aliwahi kufungua kifuniko cha rejeta ya moto enzi za ujana, na alikuwa akikuonyesha baka hilo kama watu wengine wanavyoonyesha cheti.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Sura nzima ya joto naweza kuifundisha nimefumba macho. Sasa kigari changu cheupe, kilichonifikia kikiwa tayari mtu mzima, kilipochemsha kwa mara ya kwanza kwenye foleni, nilifungua boneti nikaimwagia injini chupa mbili za maji ya baridi, mbele ya wanafunzi wangu waliokuwa wakipita. Kilivutwa kwa kamba hadi Sakina. Fundi alisikiliza hadithi yangu mpaka kwenye zile chupa mbili, akavua kofia.

"Glasi ya moto ukiitia maji ya baridi inafanyaje?"

"Inapasuka," nikasema.

"Na wewe unafundisha nini vile?"

"Fizikia."

"Aa," akasema, akavaa kofia yake.

Kwa bahati injini haikupasuka. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Mwalimu Fizikia, na kila aliyeingia gerejini alihadithiwa habari za chupa mbili, hata waliokuja kuuliza njia tu.

Kipaji chake kilikuwa ni kutafuta sababu pasipo haraka. Kulikuwa na bwana mmoja wa Njiro, mwenye gari kubwa jeusi linalong'aa mpaka unajiona meno. Gari hilo lilichemsha Jumamosi tu. Jumatatu hadi Ijumaa linakwenda kazini kama malaika, Jumapili linakwenda ibadani, ila Jumamosi lazima mshale uguse kule kwekundu. Mafundi wawili wa huko mjini walikuwa wameshambadilishia wota pampu na feni, wa tatu akamwambia gari limerogwa. Fundi wetu alimkalisha kwenye kile kiti, akamsikiliza, kisha akazunguka mbele ya gari, akachungulia nyavu za rejeta, akaingiza vidole viwili na kuchomoa petali la ua la plastiki, la waridi.

"Bwana mkubwa," akasema, "gari yako haina ugonjwa. Ina harusi."

Ikawa kweli! Bwana yule alikuwa akilikodisha kila Jumamosi kubeba maharusi. Wapambaji walifunga shada la maua lenye upana wa meza mbele yake, upepo haupiti, kisha msafara unatambaa mwendo wa konokono nyuma ya matarumbeta, unazunguka mji mzima. Injini gani isingechemsha? Fundi alicheka hadi akakaa chini, yule bwana naye akacheka, na kwaya nzima ikaipata hadithi hiyo Jumapili iliyofuata.

Watu wa huku tuna dawa zetu za rejeta inayovuja, na fundi alizijua zote kwa pua. Mtu akija akiwa ametia manjano ya kupikia ili kuziba tundu, hakuhitaji hata kufungua. Alinusa mara moja akauliza, "Nani amepika pilau humu?" Aliyetia yai bichi alimwita Bwana Keki. Kwa wote alikuwa na msemo mmoja, "Maji yanayoisha yana mahali yanakwenda," na huo aliusema kwa upole sana, kisha akachukua tochi na kwenda kuyatafuta.

Siku ya kufunga silinda hedi, kile kichwa cha chuma cha juu ya injini, ilikuwa sikukuu. Bolti zake, alisema, hufungwa kama wazee wanavyosalimiwa kwenye baraza. Huanzi upande mmoja ukaumaliza, maana wa upande mwingine watanuna. Unaanza na wa katikati, unavuka huku, unavuka kule, kila mmoja anapata kidogo, halafu unarudi mzunguko wa pili. Akifunga huimba wimbo wa kanisani, ubeti mmoja mzunguko mmoja. Ubeti wa tatu ndio wa kukaza mwisho. Ubeti wa nne hakuuimba kamwe akiwa na spana mkononi, kwa kuwa, kwa maelezo yake, ubeti wa nne hukata bolti.

Na mtu huyo huyo, aliyezijua gari kuliko ndugu zake, hakuwa na gari wala hakujua kuendesha. Nafikiri aliziogopa. Ukimpa lifti anafumba macho na kushika mpini wa mlango kwa mikono miwili, na ukishuka mteremko anaanza kusali kwa Kimeru. Alitembea kwa miguu kila alikokwenda, na kofia yake, na hatua zake fupi za haraka, huku akikosoa kwa sauti milio ya gari zinazompita.

Tena alikuwa mbishi. Hapa sitampamba. Injini aliisamehe kila kitu, binadamu alimsamehe kwa shida, na yeye mwenyewe kukubali kosa ilikuwa ni kazi ya msumeno. Ubishi huo ndio uliomkosesha dada yake. Dada huyo, wa pekee, aliolewa juu ya Tengeru, kule kwenye migomba na kahawa. Mumewe alikuwa na lori dogo la kubebea ndizi kupeleka sokoni, na fundi ndiye aliyekuwa mganga wa lori hilo. Siku moja lilichemsha mlimani, silinda hedi ikapasuka, injini ikafa. Fundi akaitwa. Alipofika, mbele ya wanunuzi wa ndizi na majirani, akamwambia shemeji yake, "Lori umeliua wewe, kwa uvivu wa kutia maji." Shemeji akaapa kuwa fundi ndiye aliyeliharibu. Lori likauzwa chuma chakavu, na mke akasimama na mumewe. Kuanzia hapo fundi hakukanyaga tena kule. Krismasi, wakati Sakina nzima inahama kupanda kwao milimani, yeye alifungua gereji na kula chakula chake peke yake kwenye kile kiti. Nilimkuta hivyo mara moja, nikaona vibaya sana, nikajifanya nimekuja kujaza upepo.

Sasa themostati. Ni kidude kidogo cha shaba kinachokaa mlangoni mwa maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga ili ipate moto haraka, ikipata moto kinafungua maji yaende kupozwa kwenye rejeta. Fundi alikichukia. Gari lolote lililomfikia likichemsha, hata kama ugonjwa ulikuwa mwingine, aliking'oa kabisa. "Hiki ni cha Wazungu wa kwenye theluji," alisema. "Huku kwetu cha nini?" Alisema hivyo hata mwezi wa saba, sisi tukiwa tumevaa makoti mawili na Mlima Meru umejifunika ukungu hadi miguuni. Nilimkumbusha mara moja kuwa tunatetemeka. Akaniuliza kama nimekuja kufundisha au kutengenezewa gari.

Ila mali ya mtu hakutupa. Kila themostati aliyoing'oa aliifunga waya wenye kipande cha boksi, akaandika mwenyewe ni nani, akaitumbukiza kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. "Mchungaji." "Baba Mapacha." "Mama wa Saluni." Yangu iliandikwa "Chupa Mbili."

Baada ya kuing'oa hiyo yangu, gari halikupona. Lilizidi! Kila nikipanda mlima mshale unapanda nami. Njia aliyonifundisha ya kuokoa injini ilikuwa kufungua hita hadi mwisho ili itoe joto ndani ya gari, na hivyo nilibeba walimu wenzangu wanne mwezi wa pili, jua la saa saba, hita ikivuma, wote wamevaa nguo za mahafali. Mmoja hajanisamehe mpaka leo. Fundi akabadilisha kifuniko, akabadilisha mipira, akaosha rejeta, akaangalia kama maji yana mapovu au oili imegeuka maziwa, dalili za gasketi kufa. Hakuna. Aliona haya kweli kweli, kwa mara ya kwanza nikamwona anaacha kula mahindi yake ya kila mchana.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nikamletea themostati mpya, kwa ubishi tu, pamoja na kipimajoto cha maabara ya shule. Tukaweka sufuria ya maji kwenye jiko lake la mkaa, tukakining'iniza kidude kwa uzi katikati ya maji, tukachuchumaa. Maji yakapata moto. Sabini. Sabini na tano. Ilipopita themanini kidude kikajinyoosha, taratibu, kikafunguka.

"Ona!" nikapiga kelele. "Ona, mzee, ona!"

Yeye haangalii huko juu nilikokuwa nikionyesha. Anaangalia chini. "Na huku kwenye mkia kinasukuma nini?"

Hapo mimi na digrii yangu tukainama kuangalia. Kweli, kila kilipofunguka juu, kisahani cha chini kilishuka kana kwamba kinaziba kitu. Fundi akachukua tochi, akaenda kwenye injini yangu, akaingiza kichwa chote. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyeona maiti ikipiga chafya.

"Mwalimu, kuna tundu la pili. Hiki hakifungui mlango mmoja. Kinafungua wa kwenda kwenye rejeta, kinafunga wa njia ya mkato. Mimi nimekitoa. Sasa maji ya moto yanarudi ndani moja kwa moja. Maji ni kama wanafunzi wako, yakiona tundu kwenye uzio hayapiti getini."

Si injini zote zina njia hiyo ya mkato, lakini yangu ilikuwa nayo, na nyingi za mji huu. Tukafunga themostati mpya, nikampandisha mlima wenyewe, yeye amefumba macho, mimi naimba. Mshale ukasimama katikati kama askari. Tuliporudi tulicheza, nasema tulicheza, mwalimu wa sekondari na mzee wa kanisa, tukizunguka jiko lenye sufuria, muuza maziwa akisimama barabarani kutushangaa.

Kisha fundi akaacha kucheza. Alikuwa analitazama kopo. Akalimimina juu ya meza, akazipangua, akatoa moja yenye waya ulioota kutu. Boksi lake lilisomeka "Shemeji."

"Lori lake lilikuwa na tundu la pili," akasema. "Nalikumbuka vizuri. Mwalimu, niliua mimi."

Nilidhani angekwenda Tengeru siku ile ile. Wapi! Alianza na wote wengine. Kila themostati ilichemshwa kwenye sufuria, iliyofunguka ikarudishwa kwa mwenyewe, iliyokufa akamwekea mpya. Kwa miezi mingi alikuwa akizunguka mji kwa miguu akiwa amekumbatia kopo. Alimkimbiza Baba Mapacha kwenye barabara ya Nairobi, akipunga kidude hewani, naye Baba Mapacha akidhani anadaiwa akakanyaga mafuta. Mama wa Saluni alifikiri anauziwa hereni, akataka ya pili yake. Mchungaji alirudishiwa yake baada ya ibada, na kwa kuwa naye ni mtu wa mzaha, Jumapili iliyofuata alisoma kwenye matangazo kwamba yeyote ambaye gari lake linachemsha aonane na mzee wa besi. Walijipanga watu kumi na mmoja. Nusu yao hawakujua kuwa waliwahi kuwa na themostati. Fundi alikiri kwa kila mmoja, kwa sauti, na kila alipokiri alizidi kuchangamka, hadi nikaanza kuhofia kwamba amenogewa na toba.

Ikabaki moja. Nikimuuliza, anasema mvua imeharibu njia. Kiangazi kikija, anasema vumbi.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Krismasi, geti langu la Kijenge likagongwa asubuhi. Fundi. Shati limepigwa pasi, kofia mpya, kopo kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, nipandishe mlimani. Wewe utaeleza fizikia, mimi nitaeleza dhambi."

Tukaenda. Alifumba macho toka Kijenge hadi Tengeru, na kuanzia Tengeru kupanda alifungua jicho moja kuangalia mshale wa joto. Tulimkuta shemeji yake zizini akiwakatia ng'ombe majani, panga mkononi, mtu mrefu mwenye uso mgumu. Nikamwamkia. Akaniitikia vizuri, kisha akamtazama fundi kwa muda mrefu.

"Karibuni," akasema, kama mtu anayelipa kodi.

Fundi hakukaa. Alisimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, akasema yote. Kwamba aling'oa kidude asichokijua. Kwamba alimtukana mtu mbele ya watu kwa kosa lake mwenyewe. Akanipa zamu, nami nikaeleza milango miwili kwa viganja vyangu, huku na kule, nikiwa na hofu kuliko siku ya ukaguzi. Nilipomaliza, shemeji alikuwa ameliweka panga chini.

"Siku ile," akasema polepole, "mpira wa chini ulikuwa unavuja. Niliona tope chini ya lori asubuhi. Soko lilikuwa linaniita. Sikutia hata kikombe."

"Hata ungetia," fundi akasema, "lingekufa. Niliua mimi."

"Halikuwa na maji, shemeji! Niliua mimi."

"Usininyang'anye! Nimetembea mji mzima na kopo hili!"

"Na mimi nimekaa na uongo huu miaka saba, unajua uzito wake?"

Wakapandishiana sauti, wazee wawili, kila mmoja akililia lori lile liwe la kwake. Dada akatoka jikoni na kisu na ndizi iliyomenywa nusu. Alikuwa na paji la uso la kaka yake na mkao wake wa kusimama. Kumbe alikuwa amesikia yote toka jikoni, akanigeukia mimi, mgeni asiyemjua hata jina.

"Mwalimu, kwa hiyo fizikia yako, nani aliliua?"

Nikafikiri. "Bila maji lingekufa hata lingekuwa na themostati, mama. Na bila themostati lingekufa hata lingekuwa na maji."

"Kwa hiyo hata mmoja wao angekuwa na akili, bado lingekufa."

"Ndiyo, mama."

Alianza kucheka yeye. Alicheka hadi akashika nguzo ya jiko, kisha nikaona kwamba analia, na fundi naye, na shemeji akageuka kuwaangalia ng'ombe kwa bidii kubwa. Tulikalishwa sote kwenye vigoda na kupewa visu tumenye ndizi za machalari, zile za kupikwa na nyama. Fundi alikuwa na utomvu mikononi na machozi usoni, hana pa kujifutia, na sijapata kumwona na furaha kama ile.

Ndizi zilipoingia jikoni, shemeji akakohoa. "Nyuma ya zizi kuna pikapu. Inachemsha. Mafundi watatu wameishindwa. Niliwaambia wote kuwa yupo mmoja anayeiweza, ila hatusemezani."

Fundi alishasimama. Dada yake akamdaka shati, akamvuta hadi akakaa.

"Huendi popote," akamwambia. "Una Krismasi saba za kula."